HOTUBA JUU YA BAHARIA KIJANA WA AUSTRALIA

Tumeombwa kusema juu ya vita vya baharini, nasi badala ya kueleza habari za wakubwa tumemchagua kijana asiye na cheo, Edward Sheean, ambaye kwao aliitwa Teddy.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1923 katika kisiwa cha Tasmania, kusini ya Australia, mtoto wa kumi na nne wa kibarua. Alipotoka shule alifanya kazi mashambani. Ndugu zake watano waliingia majeshini, naye mwezi wa Aprili 1941 akajiandikisha kuwa baharia.

Mwezi wa Mei 1942 alipelekwa Sydney, akapewa malazi katika Kuttabul, feri iliyogeuzwa kuwa makao ya mabaharia. Usiku wa tarehe 31 Wajapani waliingia bandarini kwa manowari ndogo ziendazo chini ya maji, wakaizamisha feri hiyo, wakafa mabaharia 21. Sheean alikuwa kwao kwa likizo. Wako watu ambao wakiokoka hivyo hawataki kuiona bahari tena. Yeye alirudi, akapangwa katika Armidale, manowari mpya yenye urefu wa futi 186, iliyosindikiza meli nyingine. Kazi yake haikuwa kupiga mzinga, bali kumtilia risasi mpigaji.

Tarehe 29 Novemba Armidale ilitoka Darwin kwenda Timor, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Wajapani, ili kuwaondoa askari wa Australia waliochoka, na kuwapeleka askari wa jeshi la Kiholanzi, wengi wao wenyeji wa visiwa vile vile vya Indonesia. Tarehe 1 Desemba, kabla ya saa nane mchana, eropleni zisizopungua 13 ziliishambulia. Topido mbili zikaipasua, nahodha akaamuru watu waiache meli.

Sheean alisaidia kufungua chelezo, kisha akaelekea ubavuni ajitupe majini. Hapo risasi mbili zikampata, kifuani na mgongoni. Naam, hakuna ambaye angemlaumu kama angejitupa, maana amri ilikuwa hiyo hiyo. Lakini eropleni zilikuwa zikiwapiga risasi wenziwe waliokuwa wakiogelea. Akajikokota juu ya sitaha mpaka kwenye mzinga wa nyuma, akajifunga kwa mikanda yake, akaanza kupiga. Aliangusha eropleni moja na kuzizuia nyingine zisikaribie. Maji yakapanda hata miguuni pake, naye apiga tu; na waliookoka walishuhudia kwamba meli ilizama mzinga ukingali ukilia. Zilikuwa zimebaki siku 27 atimize miaka 19.

Katika watu 149 walipona 49. Si wote waliokufa siku ile: wengine walionekana na eropleni ya wenzao wakiwa juu ya chelezo, lakini bahari ilichafuka, eropleni haikuweza kutua, na watu wale hawakuonekana tena. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaweza kulielewa neno hili, kwa kuwa meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 ilizamishwa na Wajapani karibu na visiwa vya Maldive, pamoja na askari wetu wengi.

Sasa tuseme habari ya heshima yake, ambayo ilikawia mno. Kwa kanuni za siku zile, aliyekufa kwa ushujaa mbele ya adui alipewa Victoria Cross, ama jina lake lilitajwa tu katika taarifa za vita. Kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Sheean alitajwa tu. Jamaa zake na watu wa Tasmania hawakuridhika. Mwaka 1999 manowari iendayo chini ya maji ilipewa jina lake, lakini nishani haikuja. Baraza la nishani lililikataa shauri hilo mwaka 2013, likalikubali mwaka 2019; serikali ikakataa tena mwezi wa Mei 2020, kisha ikateua wataalamu walipime upya. Hao walikubali, na mwezi wa Agosti Malkia Elizabeth akaidhinisha. Hapo ndipo baharia wa jeshi la manowari la Australia alipopewa nishani hiyo kwa mara ya kwanza. Jamaa zake waliipokea Canberra tarehe 1 Desemba 2020, miaka 78 kamili tangu Armidale kuzama.