Ukitishwa, Usilipe Kwanza

(Mazungumzo na wanachama wa klabu za afya za shule za sekondari. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Leo sitaanza na malaria wala UKIMWI. Nitaanza na simu. Najua klabu nyingi sasa mna tovuti, au mnataka kuifungua, ili vijana wenzenu wasome habari za afya na kuuliza maswali bila kutaja majina. Ni jambo zuri sana. Lakini sikilizeni yaliyonipata mimi.

Ninajitolea katika kituo kidogo cha vijana. Tovuti yetu ina sanduku la maswali. Vijana huandika mle mambo ambayo hawawezi kumwambia mama wala mwalimu. Siku moja, saa tano asubuhi, simu ikalia. Alikuwa kijana wa mauzo kutoka kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti yetu. Akasema, "Kaka, tovuti yenu iko hatarini. Wadukuzi wanaweza kuingia wakati wowote. Ukilipia ulinzi kabla ya saa kumi leo, utakuwa salama. Ukichelewa, sisi hatuhusiki."

Jamani, niliogopa! Usiku wa kuamkia siku ile binti mmoja alikuwa ametuandikia swali zito. Nikawaza: siri ya mtoto wa watu ikivuja, nitamwambia nini? Nikauliza bei. Shilingi 240,000 kwa mwaka, wakati kuhifadhi tovuti yenyewe tulilipa 80,000. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya semina ya Jumamosi. Nikalipa.

Jumamosi vijana walikuja, wengine kutoka mbali. Nikasimama mbele yao kuwaambia kwamba nauli ya kuwarudishia haipo. Mama anayetunza hesabu zetu aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo hatari walikuonyesha?"

Nikakaa kimya. Hakuna aliyenionyesha kitu.

Baadaye tulimwomba fundi atukagulie. Hakukuta virusi. Alichokuta ni kwamba programu ya tovuti ilikuwa haijasasishwa kwa miaka miwili, na neno la siri lilikuwa jina la kituo na 123. Watu watano walioondoka zamani walikuwa bado wanalijua! Huo ndio uliokuwa mlango wazi. Na kile nilichonunua kwa 240,000 hakikuufunga.

Sasa tujiulize: kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alipe namna hiyo?

Jibu limo mwilini. Ukiogopa, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, na mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Hiyo inasaidia sana ukikutana na nyoka. Lakini ni vigumu kufikiri vizuri ukiwa katika hali hiyo. Muuzaji anayekwambia "leo tu, kabla ya saa kumi" anataka uamue wakati moyo bado unakwenda mbio. Akikupa siku mbili, moyo utatulia, nawe utaanza kuuliza maswali.

Usidhani ni wajinga peke yao wanaonaswa. Huko Marekani, Machi 2019, kampuni kubwa ya maduka iitwayo Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na kampuni iliyowapa programu, Support.com, dola milioni 10, ili kumaliza madai ya serikali. Wateja walipeleka kompyuta zao zipimwe bure. Mfanyakazi aliwauliza maswali manne, kwa mfano kama kompyuta inakwenda polepole. Serikali ilidai kwamba mteja akijibu "ndiyo" kwa swali lolote, programu ilitoa taarifa kwamba kuna dalili za virusi, hata kama upimaji wenyewe haukukuta kitu. Kisha akauziwa matengenezo. Ni sawa na daktari kukuandikia dawa ya malaria kwa kuwa umesema umechoka, bila kuangalia damu.

Simsemi kila muuzaji kuwa ni mwongo. Hatari zipo kweli, na kuna huduma nzuri za kulipia. Ninachosema ni hiki: hatari ya kweli ina jina na inaonyeshwa. Kampuni ikikuta virusi katika tovuti yako, inaweza kukuandikia ni faili lipi na limeonekana lini. Hapo usipuuze hata kidogo. Lakini "mko hatarini" peke yake si vipimo. Ni maneno.

Basi, kabla hujatoa senti, fahamu mambo haya.

Kwanza, cheti cha usalama. Hiki ndicho kinachofanya anwani ya tovuti ianze na https. Kinafunga maneno kwa siri yanaposafiri kati ya msomaji na tovuti. Tangu Julai 2018, programu ya Chrome huandika "si salama" kwenye tovuti isiyo nacho, kwa hiyo unakihitaji. Lakini tangu Desemba 2015 shirika lisilo la faida la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo kwa umma bure, na kampuni nyingi zinakuwekea bila malipo. Tena, cheti hakizuii mwizi aliyejua neno lako la siri.

Pili, sasisha programu za tovuti na ufute zile usizozitumia. Wadukuzi wengi hupitia matundu ya programu za zamani.

Tatu, neno la siri liwe refu, na lisiwe lile unalotumia mahali pengine. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili. Mwanachama akimaliza shule, badilisheni.

Nne, wekeni nakala ya tovuti mahali pengine, mbali na kampuni hiyo. Nyumba ikiungua, nakala iliyo ndani yake inaungua pia.

Tano, yale maswali ya vijana msiyarundike kwenye tovuti. Jibuni, kisha futeni. Siri ambayo haipo haiwezi kuibiwa.

Hayo yote yanataka muda kuliko fedha.

Sasa tufanye mazoezi. Mmoja awe muuzaji, mwingine awe wewe.

Muuzaji: Dada, tovuti yenu itavamiwa. Lipia sasa hivi.

Wewe: Asante kwa kunijulisha. Mmekuta nini, na katika faili gani?

Muuzaji: Hayo ni ya kitaalamu. Muda unakwisha.

Wewe: Naomba mniandikie kwa baruapepe. Fedha ni ya kikundi, siwezi kuamua peke yangu.

Muuzaji: Mkipata matatizo msitulaumu!

Wewe: Nimekuelewa. Nasubiri barua yenu. Kwaheri.

Umeona? Hukumtukana wala hukubishana. Umeuliza, umeomba maandishi, umekata simu. Kama una wasiwasi, usiwapigie kwa namba waliyotumia. Fungua akaunti yenu kwa anwani mnayoijua, mwangalie kama kuna taarifa yoyote. Huenda aliyepiga hatoki hata katika kampuni yenyewe. Na neno la siri usimtajie mtu yeyote kwa simu, hata akisema yeye ni nani.

Jambo jingine: unapolipia tovuti, soma ukurasa wa mwisho kabla ya kubonyeza. Wakati mwingine visanduku vya huduma za ziada vimeshawekewa alama. Viondoe. Angalia pia bei ya mwaka wa pili, maana huwa si ile ya mwanzo.

Na kama umeshalipa, kama mimi? Usifiche. Waambie wenzako siku hiyo hiyo. Omba kwa maandishi kurudishiwa fedha, maana kampuni nyingine hutoa siku kadhaa za kughairi. Na zima malipo yanayojirudia. Mimi niliona aibu, nikanyamaza wiki tatu. Nilipouliza, siku za kughairi zilikuwa zimekwisha. Aibu ilinigharimu kuliko yule muuzaji.

Vijana wangu, mnajua kwa nini nimeleta habari hii kwenye klabu ya afya? Kwa sababu maneno "amua sasa hivi, ukikataa utajuta" mtayasikia mahali pengi: kwa anayekupa bia ya kwanza, kwa anayekwambia umthibitishie mapenzi usiku huu, kwa anayekuuzia dawa ya kuongeza unene. Kila mahali jibu lenu liwe lile lile: "Nionyeshe, nipe muda, nimuulize mtu."

Yule binti tulimjibu, na akaja kituoni mwenyewe. Siri yake iko salama. Nauli ya wale vijana nilimaliza kuirudisha mwezi wa nne, kutoka mfukoni mwangu.

Haya, nani ana swali?