Mgonjwa wa Figo Asikalishwe Tu

Ndugu wanavikundi, mwenzetu anayesafishwa damu kwa mashine akirudi nyumbani tunamwambia, "Wewe keti tu." Tunadhani ni huruma. Kumbe wagonjwa hawa huuawa sana na moyo, na kuketi kutwa kunauzidisha udhaifu.

Huko Italia, katika utafiti uliochapishwa 2017, wagonjwa walitembea nyumbani dakika 10 mara mbili, kila baada ya siku moja. Miezi 6 ilipoisha waliweza kwenda mbali zaidi.

Basi daktari wake akikubali, twende naye kisimani polepole. Mtungi tubebe sisi, maana mkono wenye mshipa wa mashine haubebeshwi mzigo. Kifua kikimbana asimame, tumkimbize hospitali. Na maji anywe kwa kipimo alichopewa, hata jua likiwaka.