Stesheni ya Wengi na Faida ya Wachache



Katika jiji la New York, nchini Marekani, iko stesheni iitwayo Grand Central, iliyofunguliwa tarehe 2 Februari, 1913. Kila siku ya kazi, umati wa wafanyakazi huteremka hapo kutoka treni za vitongojini, wakashuka ngazi na kupanda treni za chini ya ardhi.

Mpango huo ulizaliwa na msiba. Tarehe 8 Januari, 1902, treni mbili ziligongana katika handaki lililojaa moshi, na watu wasiopungua 15 wakapoteza maisha. Serikali ikapiga marufuku injini za mvuke katikati ya jiji. Mhandisi William Wilgus akapendekeza treni za umeme. Na kwa kuwa umeme hauna moshi, reli zikafukiwa chini kwa tabaka mbili, na juu yake yakajengwa majumba ya kupangisha.

Lakini ardhi iliyopanda thamani huwatia wengi tamaa. Mwaka 1963 stesheni kubwa ya Pennsylvania, katika jiji hilo hilo, ilianza kubomolewa ili kupisha kitega uchumi, na abiria wakaachiwa vijia vya chini tu. Wananchi walikasirika, na mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Hata hivyo, mwaka 1968 kampuni ya Penn Central ilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 55 juu ya Grand Central. Ilipokataliwa ilikwenda mahakamani, ikidai imenyang'anywa mali yake bila fidia.

Mwaka 1975 kampuni hiyo ilishinda. Wananchi hawakukata tamaa. Waliungana katika kamati, miongoni mwao Jacqueline Onassis, mjane wa Rais Kennedy. Tarehe 26 Juni, 1978, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba kumzuia mwenye mali asivune faida yote anayoitamani si kumnyang'anya mali, maadamu bado anaweza kuitumia na kupata pato la haki.

Uamuzi huo ulitolewa katika nchi inayotukuza mali ya mtu binafsi kuliko nyingi nyingine. Mwaka 2020 shirika la umma la usafiri lilikamilisha ununuzi wa stesheni hiyo.

Funzo ni dhahiri. Stesheni ya Pennsylvania ilibomolewa kwa sababu sheria haikuwapo. Grand Central ilisalimika kwa sababu sheria ilitangulia tingatinga. Tahadhari kabla ya athari.