Deni la Daktari Aliyefilisika



Januari 1983 mama mmoja wa Hawaii alikwenda kwa daktari akiwa na jeraha la mguu. Daktari akamlaza, akihofia maambukizi. Alijua penisilini ya kuchomwa mshipani ingefaa zaidi, lakini akamwandikia ya kumeza. Baadaye aliieleza mahakama kwamba alielewa mgonjwa wake hataki gharama kubwa. Kisha akasafiri kwa shughuli zake. Madaktari aliowaachia mgonjwa wakaamua ahamishiwe kwa bingwa wa maambukizi. Mwenyewe aliporudi akaufuta uhamisho huo, akasimamisha na antibiotiki zote, akiamini maambukizi yametulia. Hali ikazidi kuwa mbaya, hata mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Mama huyo na mumewe wakamshtaki kwa uzembe, na jopo la raia waliosikiliza kesi likawapa fidia ya takriban dola 355,000. Daktari hakuwa na bima ya makosa ya kitabibu. Akahamia Missouri, na mshahara wake ulipoanza kukatwa, akaomba ufilisi.

Sheria ya ufilisi ya Marekani humfutia mdaiwa madeni ili aanze upya, ila yapo yanayomganda. Mojawapo ni deni la kumdhuru mtu kwa kukusudia na kwa nia ovu. Sasa, kinachotakiwa kukusudiwa ni kitendo, au ni madhara? Daktari huyu alikusudia kila alichofanya: vidonge, kufuta uhamisho, kusimamisha dawa. Mguu ukatwe, hilo hakulitaka. Machi 3, 1998, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Ruth Bader Ginsburg, walisema ni lazima madhara yenyewe yawe yamekusudiwa. Deni likafutika.

Naona waliisoma sheria sawasawa. Wangeamua vinginevyo, hata dereva aliyekata kona bila kutazama angebebeshwa deni maisha yake yote, maana usukani kaugeuza mwenyewe. Tena tusisahau kwamba sheria hiihii ndiyo inayomwokoa Mmarekani aliyelemewa na bili za hospitali. Ukiibana kwa ajili ya daktari mmoja, utawabana na wagonjwa.

Hata hivyo kuna jambo linanikera. Dereva aliyeumiza mtu akiwa amelewa hafutiwi deni, ingawa naye hakukusudia kuumiza. Bunge lilimwekea kifungu chake. Familia ya Hawaii iliomba ukali kama huo kwa madaktari wasio na bima, ikaambiwa hoja hiyo ni ya kupelekwa Bungeni. Jibu sahihi, bila shaka, lakini halimlipi mtu aliyekatwa mguu.

Ni rahisi kuanza na kuishia kwa majaji. Mimi naanzia mbali zaidi. Yaelekea sheria ya jimbo haikumlazimisha daktari huyo kuwa na bima. Kama angekuwa nayo, kampuni ya bima ingedaiwa, na kufilisika kwake kusingeifuta dhamana hiyo. Basi bima na iulizwe pale leseni ya udaktari inapoombwa. Mahakama ya ufilisi hukuta mfuko umekwisha kuwa mtupu.