UGONJWA WA NGOZI UNAOKAWIA
(Hotuba kwa wanachama wa Meru na Embu)



Sisi wa Meru na Embu tunaofanya kazi ya reli huko Sagana na Nanyuki twaijua saruji. Twaichanganya kwa mitaro na madaraja. Wenzetu wengine mikono huwawasha, huvimba na kupasuka. Mkubwa wa kazi huwaambia: "Jana na leo hukugusa saruji. Ugonjwa huu umetoka kwako nyumbani." Neno hilo tulijibu leo.

Wazee husema, Kawia ufike. Ugonjwa huu hukawia, nao hufika. Ndani ya saruji mna kromu kidogo. Ikipenya ngozi kwa majuma, pengine miaka, chembe za damu zinazolinda mwili huweza kujifunza kuipiga vita. Tangu hapo, mtu akiigusa, chembe hizo hukusanyika polepole, na ngozi huvimba baada ya siku moja mpaka tatu. Aliyeshika saruji Jumatatu aweza kuugua Jumatano.

Ushahidi ni kipimo cha kifua kikuu cha daktari Mantoux, cha mwaka 1908. Muuguzi hudunga dawa kidogo katika ngozi ya mkono, akasema, "Rudi baada ya siku mbili au tatu." Ndipo hupima uvimbe mgumu, wala si wekundu. Ukirudi siku ile ile hakuna cha kupima. Mwili ni ule ule, na desturi yake ni ile ile.

Kwa mikono, daktari wa ngozi hubandika mgongoni vipande vyenye kromu na dawa za mpira wa glavu. Huvibandua baada ya saa 48, akatazama, kisha hutazama tena siku ya tatu au ya nne. Mgongo usilowe maji siku hizo. Kipimo kinachosomwa baada ya dakika 20 ni cha mzio wa namna nyingine. Kisikutoe katika haki yako.

Basi andika tarehe uliyoshika saruji na tarehe mikono ilipovimba. Ikipona wakati wa likizo, andika. Mpe mkubwa wa kazi habari kwa barua, nakala uilete kwa Chama. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inahesabu pia magonjwa yaletwayo na kazi.

Tena tudai glavu, maji na sabuni. Huko Denmark, tangu miaka ya 1980 hutia chumvi ya chuma katika saruji kuipunguza nguvu kromu, na wagonjwa wamepungua. Yawezekana.

Umoja ni nguvu.