Farasi Mgonjwa Asiguswe Kabla ya Kupimwa



Mwaka 1994, huko Hendra, kitongoji cha jiji la Brisbane nchini Australia, farasi walishikwa na homa kali, wakahema kwa shida, wakafa. Mkufunzi wao aliyewauguza naye akafariki. Virusi hivyo hutoka kwa popo walao matunda. Lakini watu walioambukizwa walivipata kwa farasi.

Dalili hizo hufanana na za maradhi mengine, hivyo macho pekee hayatoshi. Daktari wa mifugo hujikinga kwanza kwa glavu, barakoa na miwani, ndipo achukue damu na ute wa puani kwa uchunguzi wa maabara. Hadi majibu yarudi, farasi hutengwa.

Nasi tujifunze: mnyama akiugua ghafla, atengwe, asichinjwe, na afisa mifugo aitwe mapema.