Mfinyanzi na Majira Yake



Wapendwa Taifa la Mungu, ndugu wasikilizaji popote mlipo, mwezi wa Septemba unapoingia katika Nyanda zetu za Juu Kusini, kazi ya Muumba huonekana kwa macho. Baridi ya kipupwe, iliyotubana tangu Juni na kuacha sakitu juu ya majani asubuhi huko Kitulo na Mufindi, huanza kulegea. Jua hupata nguvu. Na katika misitu ya miombo ya Chunya na ya Iringa hutokea jambo ambalo wengi wetu tumelizoea hata hatulistaajabii tena: miti huchipua majani mapya, mekundu kama shaba, kabla tone moja la mvua halijaanguka. Mvua zenyewe huja mnamo Novemba. Lakini mti hauzingoji ndipo uanze kuishi. Huishi kwa akiba ya maji iliyohifadhiwa ndani yake na kwa mizizi iliyokwenda chini. Huko Ulaya watu huyaita haya majira ya kuchipua, nao huyaimba na kuyachora. Sisi hatujayapa jina moja, lakini tunayo.

Leo tunataka kuyatazama majira haya kwa macho ya msanii. Wala hatumsemi msanii wa majukwaani. Tunamsema mwanamke wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe, wilayani Kyela, ambako milima ya Livingstone inashuka hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Akina mama wa huko wanajulikana tangu zamani kwa ufinyanzi wao. Vyungu vyao hupakiwa katika mitumbwi hadi gulio la Lyulilo karibu na Matema, na kutoka hapo hupanda barabara hadi Mbeya mjini na kwingineko. Yamkini katika jiko lako, ewe msikilizaji, kimo chungu cha Kikisi, nawe hujapata kumfikiria aliyekifinyanga.

Basi tumfikirie leo. Kyela ni nchi ya mvua nyingi, na mvua hizo huendelea hadi Mei. Zinapokoma, upepo wa kusini, ambao watu wengi wa ziwa hilo huuita mwera, huvuma kwa nguvu na kuyachafua maji. Mitumbwi huenda kwa hofu. Katika majira hayo ya baridi na upepo, mama huyu hana la kuonyesha mbele ya watu. Anachimba udongo, anaondoa mawe na mizizi, anaukanda, anaufinyanga kwa mikono yake, anausugua mpaka uwe laini. Kisha anaweka chungu kivulini na kungoja. Kesho anafanya vilevile. Hiyo ndiyo siku ya msanii: mikono yenye matope, mgongo unaouma, mtoto anayelia pembeni, na chungu ambacho bado si chungu.

Na katika kungoja huko ndimo ilimo siri ya kazi yote. Chungu kikaukapo upande mmoja upesi kuliko mwingine, hupinda na kufanya ufa. Kikiingizwa motoni ilhali ndani ya kuta zake kumebaki unyevu, maji yale hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia ya kutokea, na chungu hupasuka kwa kishindo. Pengine huvunja na vya jirani yake. Kwa nje kilionekana kikavu. Moto ndio uliofichua yaliyokuwa ndani. Yoshua bin Sira aliliona jambo hili alipofundisha kwamba vyombo vya mfinyanzi hujaribiwa na tanuri (YbS 27:5). Kwa hiyo mfinyanzi mwenye hekima huheshimu majira. Hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, huongeza siku za kungoja; jua likirudi, hujua kwamba saa ya moto inakaribia.

Lakini, wapendwa, tusiipake sukari subira hiyo. Subira ina gharama yake. Mama huyu anangoja, lakini njaa haingoji. Mtoto anahitaji sare na daftari. Bibi kitandani anahitaji dawa. Siku moja anakuja mlanguzi na kumwambia: “Mama, nataka vyungu ishirini kwa gulio lijalo.” Bei aitajayo ni ya kumdhihaki. Naye mama afanyeje? Akikataa, watoto watalala bila kula. Akikubali, itambidi achome vyungu ambavyo moyo wake unajua kwamba havijawa tayari. Anachoma kwa haraka, nusu vinapasuka, na hasara yote inakuwa yake. Aliyekosea ni nani? Sisi tulio mbali husema upesi kwamba haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini mara nyingi haraka ya maskini imetengenezwa na ubahili wa mwenye nacho. Anayemkandamiza fundi kwa bei, anaiba siku zake za kungoja.

Hapa tunaguswa sisi sote. Kando ya barabara za Iringa tunawakuta akina mama wakiuza vikapu vya milulu, ambavyo kila kimoja kimekula siku nyingi za mikono yao. Dukani hatumwombi mwenye duka apunguze bei ya ndoo ya plastiki. Tunalipa na kwenda zetu. Lakini kwa mama wa kikapu tunasimama robo saa nzima tukivutana naye kwa shilingi chache, kisha tunaondoka tukijisifu kwamba tumeshinda. Tumemshinda nani? Torati inaagiza kwamba ujira wa maskini usilale mikononi mwetu, kwa maana ameutia moyo wake hapo (Kum 24:14-15). Kumnyima fundi haki yake kwa tabasamu ni kumnyima vilevile.

Yoshua bin Sira anatufundisha zaidi. Anawataja mkulima, fundi wa mihuri, mhunzi na mfinyanzi aketiye kazini pake, kisha anakiri kwamba watu hao hawaitwi katika baraza la wakubwa. Hata hivyo mji hauwezi kukaliwa na watu pasipo wao, na sala yao imo katika kazi ya ufundi wao (YbS 38:24-34). Tulitafakari neno hilo, ndugu zetu. Asubuhi ya kipupwe, mama anapotumbukiza mikono katika udongo wa baridi kwa ajili ya watoto wake, anasali. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake kwa wasanii ya mwaka 1999, alieleza kwamba msanii ni mfano wa Mungu Muumba, ingawa Mungu peke yake huumba kutoka pasipo kitu, na msanii hukitia umbo kile alichokikuta. Mama wa Ikombe hakuisoma barua hiyo, lakini mikono yake inaijua.

Tena tusidhani kwamba mfano huo wa Mungu umo katika mikono yenye nguvu tu. Mjini Iringa, mwaka 2003, ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha walianzisha karakana ya Neema Crafts, wakianza na vijana watatu viziwi ambao walijifunza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kitu kilichotupwa, katika mikono ya watu waliosahauliwa, kikawa karatasi ya kuandikia. Hilo nalo ni kuchipua kabla ya mvua: kuanza wakati ambapo hakuna anayetazamia chochote.

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, kwa maana mfinyanzi mkuu yu kazini. Nabii Yeremia alitumwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi. Akaona chombo kikiharibika mkononi, na mfinyanzi hakuutupa udongo, bali aliufinyanga tena uwe chombo kingine (Yer 18:1-6). Wazee wetu nao walisema: udongo uwahi ungali maji. Maana yake, udongo mbichi bado unakubali mkono. Ukishapita motoni, hata ukiulowesha mwaka mzima haurudi kuwa udongo. Kwa hiyo leo, ungali laini, mpe Mungu nafasi.

Kwenu ninyi makatekista, tunalo neno la pekee. Katika vigango vyetu kuna shinikizo la kuhesabu vichwa: wangapi wamebatizwa, wangapi wamepata Kipaimara. Tunajua mnavyochoka, na jinsi wazazi wanavyowasukuma ili mtoto “amalize” upesi. Lakini mkatekumeni aliyekariri majibu tu ni kama chungu kikavu kwa nje. Siku ya harusi atang’aa. Ukija moto wa msiba, wa ugonjwa au wa kukosa kazi, unyevu uliofichika utageuka mvuke, nasi tutabaki tukishangaa kwamba muumini mzuri namna ile amekwenda kwa mganga. Wapeni watu majira yao. Wekeni kivulini kile ambacho bado ni kibichi. Kaeni nacho, kigeuzeni polepole, msikichoke.

Na vipi yule ambaye tayari amepasuka motoni? Hapa mfano wa mfinyanzi unafika mwisho wake, kwa maana mfinyanzi wa duniani hawezi kukirudisha kigae kuwa chungu. Mungu anaweza. Mwana wake mwenyewe alivunjwa msalabani, akawekwa kaburini, na siku ya tatu akafufuka, huku jeraha zake zingali zikionekana. Asiwepo basi, kati yenu mnaotusikiliza, anayejiita kigae cha kutupwa.

Ndugu wapendwa, juma hili tufanye mambo mawili. Kwanza, ukinunua kitu kilichofanywa na mikono ya jirani yako, mlipe bei ya haki bila kumtesa, na umwulize alikifanyaje. Heshima hiyo ataibeba hadi nyumbani. Pili, chagua jambo moja jema ambalo umekuwa ukilingojea mvua: kupatanishwa na ndugu, kumrudia Mungu katika Kitubio, kumfundisha binti yako kazi ya mikono ya bibi yake. Uanze sasa, kama ile miti ya miombo, kwa akiba ya neema ambayo Mungu aliiweka ndani yako siku ya Ubatizo. Mvua itakukuta umekwisha kuchipua.

Mwenyezi Mungu, aliyetufinyanga kwa mavumbi ya nchi na kutupulizia pumzi ya uhai, awabariki mafundi wote wa Mbeya na Iringa, aijaze mikono yao, na atukamilishe sisi sote kwa majira yake. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.